Turbo ya Kuazima Haisitiri

Juzi niliona picha iliyoninyima raha siku nzima. Turbo, yaani kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi, ilikuwa imevuliwa kwenye injini ya dizeli na kufungwa kwenye injini ya petroli, kasha lake la turbini, upande unaopitisha moshi, limeiva na kuwa jekundu kama kaa, na pembeni yake amesimama fundi aliyeifunga, akitabasamu na kuinua kidole gumba. Chini ya picha aliandika maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kuliko ninavyopenda: "Turbo ni turbo tu." Wekundu ule, yeye aliuona kuwa cheti cha umahiri wake. Ni kweli kwamba hata turbo ya petroli huiva hivyo injini ikibanwa sawasawa. Tofauti ni kwamba ile ilisubiwa ikijua kwamba itaiva.

Injini ya dizeli haina kilango cha kubana hewa kwa namna ya petroli. Humeza hewa nyingi kuliko inayohitajika kuunguza mafuta yake, na hewa hiyo ya ziada huupoza moshi. Tena mgandamizo wake ni mkubwa, kwa hiyo gesi hutanuka sana ndani ya silinda na kuacha sehemu kubwa ya joto lake kwenye pistoni kabla ya kutoka. Petroli haina anasa hiyo. Huchomwa kwa kipimo cha takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya mafuta, na gesi yake hutoka ikiwa bado na hasira. Ndiyo maana moshi wa dizeli unaofika kwenye turbini ya gari dogo kwa kawaida hauvuki nyuzi 850 za Selsiasi, ilhali wa petroli hufika 950, na katika baadhi ya injini za kisasa 1050. Kwa mtu anayesoma tarakimu tu, nyuzi 100 au 200 ni tofauti ndogo. Kwa chuma ambacho tayari kiko ukingoni mwa uvumilivu wake, ni tofauti ya kuishi na kufa.

Watetezi wa turbo za kuazima husema kwamba gurudumu la turbini ni la aloi ileile ya nikeli, mara nyingi Inconel 713, liwe la dizeli au la petroli. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini gurudumu halifanyi kazi hewani. Limekaa ndani ya kasha, na kasha la dizeli kwa kawaida ni la chuma chenye silikoni na molibdenamu, wakati la petroli huwa la chuma chenye nikeli nyingi au la chuma cha pua kinachohimili joto kali. Na nyuma ya gurudumu hilo kuna shafti, kuna beringi, kuna oili, na hapo ndipo hadithi nzima ilipo.

Rafiki yangu aliwahi kufunga turbo ya gari la dizeli kwenye injini yake ya petroli ya lita 2. Miezi miwili ya kwanza hakuna aliyeweza kukaa naye kwa majigambo. Mwezi wa tatu moshi wa bluu ulianza kutoka kila alipoachia mafuta, naye akaniambia kwa utulivu wa mtu anayejidanganya kwamba ni sili tu, kile kizibo cha kuzuia oili isivuje. Tulipoivua, nilishika ncha ya shafti kwa vidole viwili na kuitikisa, ikacheza kushoto na kulia hadi mapanga ya kompresa, upande unaosukuma hewa, yakakwaruza ukuta wa kasha lake. Ufa mwembamba ulikuwa umeanzia kwenye ukingo wa tundu la vali ya kupunguza shinikizo na kuingia ndani ya njia ya moshi. Tulipofungua sehemu ya kati tukakuta oili imegeuka ukoko mweusi, mgumu kiasi kwamba ulihitaji kukwanguliwa kwa bisibisi, na tundu linalopeleka oili kwenye beringi limebaki kama njia ya sindano.

Chanzo chake kilikuwa wazi. Turbo nyingi za dizeli hupozwa na oili peke yake, kwa sababu huko zilikotoka hiyo inatosha. Turbo za petroli karibu zote zina njia ya maji katika sehemu ya kati, kwa ajili ya zile dakika chache baada ya injini kuzimwa, pale pampu ya oili inaposimama na joto la kasha lote kurudi kwenye shafti. Rafiki yangu alikuwa na mazoea ya kufika kwa kishindo na kuzima papo hapo. Oili iliyosalia kwenye beringi iliungua palepale ilipolala, jioni baada ya jioni, na shafti iliyoumbwa kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikawa inazunguka juu ya masizi.

Mengine nayataja kwa ufupi. Petroli ina kilango cha hewa, na kikifungwa ghafla hewa iliyosukumwa hurudi kuipiga kompresa. Dizeli haikuhitaji vali ya kuitoa hewa hiyo, basi usiitafute kwenye turbo yake. Turbini ndogo ya dizeli hubana moshi injini ya petroli inapopanda mizunguko, gesi moto hubaki ndani ya silinda, na injini huanza kugonga, yaani mafuta hujiwasha yenyewe ndani ya silinda.

Najua nitaletewa mifano. Nitaambiwa kuhusu turbo ya Holset HX35, iliyokaa kwenye injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9 katika Dodge Ram za miaka ya 1990, na ambayo watu wameifunga kwenye injini za petroli za Toyota aina ya 2JZ ikafanya kazi. Sawa, imefanya kazi, kwa sababu ni kubwa na haibani moshi, na kwa sababu wengi wa waliofanikiwa nayo huipa oili safi na kuiacha injini ipumue kabla ya kuizima. Nitaambiwa pia kwamba Porsche waliweka turbo zenye mapezi yanayogeuka kuelekeza moshi kwenye turbini, ambayo wengi huyajua kutokana na dizeli, kwenye 911 Turbo ya petroli mwaka 2006. Waliweka, naam, baada ya kuyatengeneza upya kwa vyuma vya kuhimili joto la petroli. Hawakwenda kuyafungua kwenye gari la dizeli lililokufa.

Wiki iliyopita rafiki yangu alinipigia simu. Amepata turbo nyingine, safari hii ya lori, na anaapa kwamba shafti yake haichezi hata kidogo. Nilimwuliza jambo moja tu, kama ina njia ya maji. Akaniambia nisubiri, nikasikia akiigeuzageuza juu ya meza, kisha akakaa kimya kwa muda mrefu.

"Naweza kutoboa," akasema.