Kumfungia mraibu chumbani si tiba

Nyumba huanza kushukiana kabla ya kujua nani anatumia unga, yaani heroini. Mtungi wa gesi umetoweka, simu ya mama haionekani, na mara nyingine anayefukuzwa ni dada wa kazi ambaye hakuiba kitu. Ukweli ukijulikana, wazee wanakaa kikao na kuamua: kijana afungiwe kwa kufuli mpaka "akauke".

Nauona uamuzi huu ni wa hatari, hata kama unatoka kwenye upendo.

Arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa heroini, huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete (kipimo) ya mwisho: makamasi, miayo, kutapika, kuharisha, maumivu ya mifupa. Hukolea siku ya pili au ya tatu, na baada ya wiki hivi hutulia. Asiponyweshwa maji ya kutosha, kuharisha peke yake kunaweza kumuua. Akivuka, ndugu wanashangilia kwamba amepona. Kumbe mwili umepoteza ustahimilivu, yaani haukihimili tena kiasi uliokizoea, lakini hamu ipo palepale. Akirudi kijiweni akatumia kiasi chake cha zamani, pumzi inakatika. Wanaotoka gerezani wako kwenye hatari hiyohiyo.

Dawa ipo. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini mwilini, mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala, Temeke na Zanzibar. Ni bure, hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Huanza kidogo, kwa kawaida isiyozidi miligramu 30, kisha hupandishwa taratibu kwa sababu hujilimbikiza mwilini. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Akichanganya na unga, pombe au vidonge vya usingizi, anaweza kuacha kupumua.

Wapo wanaosema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Anayekunywa methadoni ya kumtosha hana arosto, kwa hiyo hana sababu ya kuuza mtungi wa gesi. Mimi hilo linanitosha.

Fedha za kulipa madeni yake ya kijiweni zigeuzeni nauli ya kliniki, na ndugu mmoja amsindikize. Nauli akipewa mkononi wiki za mwanzo huishia kwenye kete.

Akikoroma isivyo kawaida, midomo imebadilika rangi na haamki, mlazeni ubavu na kimbieni hospitali. Msimnyweshe maziwa wala maji, yataingia mapafuni.