Siku Niliyosafiri kwa Kasi ya Kilomita 87,000 kwa Saa

Kazi ya kutengeneza tovuti inasifiwa kwa jambo moja hasa, nalo ni kwamba unaweza kuifanya mahali popote penye umeme na intaneti. Wanaoitoa sifa hiyo hawajawahi kufanya kazi chini ya mkuu wa usalama wa mifumo. Yule niliyekutana naye katika mradi ninaousimulia hapa alikuwa mpole wa sauti na mkali wa kanuni, na aliamini kwamba mtumiaji mwema ni yule anayeketi kwenye kiti kilekile, mbele ya kompyuta ileile, tangu siku anayoajiriwa hadi siku anayostaafu. Msafiri, kwake yeye, alikuwa mtuhumiwa ambaye ushahidi dhidi yake haujakamilika tu.

Kampuni yake ilitupa kazi ya kuunda tovuti ambayo wafanyakazi wangeitumia kuingia katika mifumo yote ya ofisi, kuanzia barua pepe hadi milango ya jengo. Katika orodha ya mahitaji aliyotukabidhi, lililotangulia lilikuwa kizuizi cha safari isiyowezekana, kinga inayojulikana sana katika fani yetu: kila mtu anapoingia, seva hutazama anwani yake ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wake wa intaneti, hukisia yuko wapi duniani, hupima umbali kutoka mahali alipoonekana mara ya mwisho, hugawanya umbali huo kwa muda uliopita, na kasi inayopatikana ikiwa haiwezekani kwa binadamu, akaunti hufungwa papo hapo. Ndege za abiria huenda kwa takriban kilomita 900 kwa saa, basi tukakubaliana kwamba yeyote anayezidi kilomita 1,000 hana nia njema. Fomula ya kupima umbali juu ya tufe ni ya zamani, nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,371, na hesabu nzima inaenea katika mistari michache ya msimbo. Niliiandika kwa furaha. Naomba ieleweke mapema kwamba hesabu hiyo haikuwa na kasoro, na mpaka leo haina.

Nilichomshauri ni kwamba wasimamizi wa mfumo, ambao wakati huo tulikuwa wawili tu, mimi na dada mmoja mwenzangu kazini, tusiguswe na kizuizi hicho. Nilimweleza kwamba mtu anayetumia VPN, yaani njia ya kupitisha intaneti yake kwenye kompyuta ya mbali, anaweza kuwa ameketi sebuleni kwake huku seva ikimwona yuko Uholanzi, na kwamba mtu aliye ugenini akitumia data ya laini yake ya simu mara nyingi huonekana hajatoka nyumbani, kwa kuwa data ya msafiri hurudishwa kwanza kwenye mitambo ya kampuni yake ya simu ndipo iachiwe kwenye intaneti. Alinijibu kwa barua pepe ya mstari mmoja: "Mwizi naye angeipenda ruhusa hiyo." Niliomba pia namba za uthibitisho zitolewe na programu ya simu, ile inayotengeneza tarakimu sita mpya kila sekunde 30 bila kuhitaji mtandao wowote. Akasema yeye anauamini ujumbe mfupi, kwa sababu ujumbe mfupi una mtu nyuma yake. Ni mtu gani huyo, sikuthubutu kuuliza.

Hifadhidata ya kubadili anwani za IP kuwa mahali ilinunuliwa na mteja mwenyewe, kwa muuzaji aliyekuwa na bei ya chini kuliko wenzake. Hifadhidata za aina hii, hata zilizo bora, hukisia zaidi ya zinavyojua. Huko Kansas, Marekani, kuna shamba ambalo wakazi wake walisumbuliwa miaka mingi na polisi na watu wenye hasira waliokuja kuwatafuta wezi wa mtandaoni, na kumbe hifadhidata moja ilikuwa imezipachika hapo anwani zaidi ya milioni 600 ambazo haikujua zaidi ya kwamba ziko Marekani. Habari hizo zilipofichuliwa mwaka 2016, nukta ile ilihamishiwa ziwani, ambako hakuna mlango wa kubisha.

Ya kwetu haikuwa na shamba, ilikuwa na bahari. Anwani ambazo muuzaji hakuzijua aliziacha wazi, na programu ndogo aliyoiambatanisha ili kuzisoma ilikuwa imeandikwa kwa JavaScript, lugha ambayo Brendan Eich aliitunga kwa siku 10 mwezi Mei 1995 na ambayo, ukiipa neno tupu na kuiamuru iligeuze kuwa namba, haisiti wala kulalamika, bali inakupa sifuri. Kwa hiyo kila asiyejulikana alipo alipewa latitudo sifuri na longitudo sifuri. Mahali hapo papo kweli. Ni pale ikweta inapokutana na meridiani ya Greenwich, katika Ghuba ya Guinea, na wachora ramani wamepapa jina la kisiwa kwa utani, ingawa hakuna hata kipande cha ardhi cha kusimamishia mguu mmoja. Kilichokuwapo kwa miaka mingi ni boya la kupimia hali ya hewa, likiyumba peke yake.

Siku ya kuwakabidhi wakurugenzi mfumo wao ilinikuta angani. Ningeweza kulala, na ningelala, lakini kabla ya kupanda ndege nilikuwa nimepokea ombi la mkurugenzi mmoja aliyetaka kitufe cha kuingilia kibadilishwe rangi, kwa maelezo kwamba buluu iliyopo ilikuwa nzuri lakini haikutia imani. Kubadilisha buluu ni kazi ya mstari mmoja. Nikafungua kompyuta.

Asiyewahi kufanya kazi hewani ajue kwamba ndege ile ilitumia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kwamba ombi lako likipanda huko, likashuka ardhini, na jibu lake likafuata njia hiyohiyo kurudi, nusu sekunde imekwisha kabla seva haijafikiri lolote. Ukurasa wenye vipande vingi hufunguka kwa awamu: kwanza maandishi, kisha mistari, kisha, abiria akiwa ameshakunywa maji na kurudisha kikombe, picha ya kwanza. Abiria wa mbele yangu alikuwa amelaza kiti chake kwa ukamilifu, hivyo kioo cha kompyuta hakikuweza kusimama wima, nami nilikuwa nikichapa huku viwiko vimebanwa mbavuni na kidevu kimeinuliwa ili nione mstari wa juu. VPN ilishika, nikaingia kwenye mfumo, nikaonekana Uholanzi. Baada ya dakika nne VPN ikachoka na kukatika, na ukurasa, kwa hiari yake, ukajipyaisha kupitia mtandao wa ndege, ambao anwani yake muuzaji wetu hakuwa na habari nayo.

Kutoka Uholanzi hadi lile boya ni karibu kilomita 5,800. Kwa dakika nne, hiyo ni kasi ya kilomita 87,000 kwa saa. Roketi inahitaji kama kilomita 40,000 kwa saa ili kuiaga dunia isirudi tena. Mimi nilikuwa na zaidi ya maradufu yake, na mkanda wa kiti ukiwa umefungwa.

Kioo kikawa chekundu. Mkuu wa usalama alikuwa ameagiza kwamba mvamizi akibainika aelezwe waziwazi, kwa herufi zinazosomeka kutoka mbali, na agizo hilo lilitekelezwa kwa uaminifu: MVAMIZI AMEGUNDULIWA. MATENDO YAKO YANAREKODIWA. Mama mmoja mtu mzima aliyeketi kando yangu, ambaye tangu tunaondoka nilikuwa nimemwamkia, nikamsaidia kupandisha mzigo na kupokea dua zake, aliyasoma maandishi yale polepole, akanitazama, akainama, akauokota mkoba wake miguuni na kuupakata.

"Mwanangu," aliuliza kwa sauti ya kujali, "ulisema kazi yako ni ipi?"

"Natengeneza tovuti, mama. Huu mfumo ni wangu mimi mwenyewe."

"Sawa," akasema, na mkono wa pili akauongeza juu ya mkoba.

Njia ya kujifungulia ilikuwa namba ya uthibitisho, ambayo ilitumwa kwa ujumbe mfupi kwenye simu iliyozimwa mtandao kwa amri ya rubani. Njia ya pili ilikuwa kumwomba msimamizi wa zamu. Msimamizi wa zamu nilikuwa mimi. Mfumo uliniarifu kwamba umeniarifu, ukasubiri nijibu, na nilipokawia kujijibu ukampigia kengele msimamizi wa pili, yaani yule dada, ambaye alikuwa amelala na ambaye aliamka akafungua mwongozo wa dharura kama anavyotakiwa.

Mwongozo huo niliuandika mimi kwa imla ya mkuu wa usalama, na ulikuwa na ukurasa mzima wa dalili za tapeli. Tapeli huandika kwa haraka. Hutumia barua pepe binafsi badala ya ile ya kazi. Hudai kwamba yeye ni kiongozi au fundi mkuu. Hutaja mkutano mkubwa unaokaribia. Husema hawezi kupigiwa simu kwa wakati huo. Barua yangu kwake, niliyoiandika kutoka kwenye anwani yangu binafsi, ilisema: "Dada, fungua akaunti yangu haraka, niko ndegeni, siwezi kupokea simu, na nina kikao na wakurugenzi nikitua tu."

Jibu lake lilipanda na kushuka setilaiti kwa taratibu zake. "Kaka, kama kweli ni wewe, utaelewa kwa nini siwezi kukusaidia. Na kama si wewe, umeiga vizuri sana."

Nikamwandikia tena nikimkumbusha mambo ambayo sisi wawili tu tungeyajua, pamoja na utani mmoja wa siri kuhusu mkuu wa usalama. Hilo lilimthibitishia kwamba mvamizi ameshasoma mazungumzo yetu yote. Kwa mujibu wa hatua iliyofuata katika mwongozo, akayaambatanisha maandishi yangu, utani ukiwemo, na kumtumia mkuu wa usalama kama ushahidi.

Tulipotua nilifungua simu, ikaanza kutetemeka mfululizo mkononi kwa namba za uthibitisho zilizokuwa zikinisubiri ardhini, tarakimu sita baada ya tarakimu sita, zote zikiwa zimeshapitwa na wakati. Kwenye jengo la mteja mlango haukunifungukia, kwa kuwa kadi ya mgeni ilikuwa imefungwa pamoja na akaunti. Kijana wa mapokezi alikuwa muungwana sana. Alinipa kiti, akaniuliza jina, akalitafuta kwenye kompyuta yake, akanitaka radhi, kisha akakisogeza kiti changu kikawa mbali kidogo na mlango.

Kikao kilikuwa kimeanza bila mimi, na kwa masimulizi niliyopewa baadaye, kilikuwa kikao kizuri kuliko vyote katika mradi ule. Mkuu wa usalama alikuwa ameachana na slaidi nilizomwandalia na kuwaonyesha wakurugenzi ramani ya dunia yenye mstari mwekundu uliotoka Uholanzi ukapita juu ya Sahara na kuzama baharini. Aliwaambia kwamba saa chache tu zilizopita genge la wahalifu lilikuwa limeiteka akaunti ya fundi mkuu, na mfumo ukalitambua ndani ya sekunde moja. Mkurugenzi mmoja akauliza inawezekanaje mtu awe na intaneti katikati ya Ghuba ya Guinea. Mkuu akajibu kwamba maharamia wa siku hizi wana setilaiti. Wakapiga makofi.

Alishuka mwenyewe kunithibitisha. Alisimama mbele ya kiti changu, akanitazama usoni, akatazama picha iliyokuwa kwenye simu yake, akanitazama tena. "Ni yeye," alimwambia kijana wa mapokezi, kwa sauti ya mtu aliyetumaini vingine. Tukiwa kwenye lifti nilimweleza habari za neno tupu, sifuri na boya. Alinisikiliza hadi ghorofa ya mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza swali moja tu: je, mfumo ulimfungia mtu ambaye haukuwa na uhakika naye? Nikasema ndiyo. "Basi umefanya kazi," akasema, na mlango ukafunguka.

Kanuni ilikuwa akaunti iliyofungwa kwa uvamizi ibaki imefungwa kwa saa 24, kwa hiyo onyesho la mfumo nililifanya kwa kidole, nikimwelekeza mkuu abonyeze wapi kwa kutumia akaunti yake. Tulipofika kwenye kitufe cha kuingilia, ambacho rangi yake hakuna mkono wa binadamu uliokuwa umeigusa, yule mkurugenzi aliyelalamika alijisogeza mbele, akakikazia macho na kutushukuru kwa kusikiliza maoni ya watumiaji. Buluu ya sasa, alisema, inatia imani kabisa.

Ilibaki taarifa ya tukio, ambayo kwa mkataba ilinibidi niiandike mimi. Fomu ilikuwa na nafasi za lazima, na nilizijaza kwa ukweli. Mahali mvamizi alipo sasa: chumba cha mikutano, kiti cha tatu kutoka dirishani. Je, ametambuliwa: ndiyo, kwa sura. Hatua zilizochukuliwa dhidi yake: amelipiwa malazi ya usiku mmoja na tiketi ya kurudi, kwa gharama ya mteja. Mkuu wa usalama aliisoma yote, akaipitisha, na kuomba rekebisho moja dogo, kwamba maharamia watajwe, kwa sababu wakurugenzi walikuwa wameshaambiwa.