Je, "shall" ni amri?

Ibara ya 261 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaeleza kitakachofuata Bunge likikaidi agizo la mahakama la kutunga sheria: Jaji Mkuu atamshauri Rais alivunje Bunge, na Rais atalivunja. Hizo "ta" mbili, kwa Kiingereza, zimebebwa na neno moja: shall. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alitoa ushauri wake, kwa kuwa sheria ya theluthi mbili ya kijinsia, yaani ya kuhakikisha kwamba si zaidi ya theluthi mbili ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa ni wa jinsia moja, ilikuwa haijapitishwa. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikausimamisha, na wabunge wakakaa vitini hadi uchaguzi wa 2022.

Wapo wanaosema kosa ni la neno lenyewe. Afrika Kusini walipoandika Katiba ya 1996 waliweka must: wajibu wa kikatiba lazima utekelezwe kwa bidii na bila kuchelewa. Marekani nako, kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho zilipoandikwa upya mwaka 2007, shall iling'olewa. Hoja yao ni nzito. Shall hufanya kazi nyingi mno: mara inaamuru, mara inatabiri, mara inaunda cheo au taasisi. Sarufi za zamani ziliizidishia utata kwa kudai kwamba "I shall" ni utabiri tu, ilhali "you shall" ni amri.

Kwa kesi ya 2020, sidhani must ingeokoa kitu. Pale ugomvi ulikuwa wa madaraka. Neno lilileta shida miaka minane kabla, Desemba 2012, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoulizwa kama Ibara ya 81, yenye kanuni hiyo ya jinsia, inadai theluthi mbili papo hapo. Majaji wengi walijibu kwamba shall ni amri ya mara moja pale tu jambo linapotekelezeka lilivyo, bila maandalizi. Hili la jinsia litafikiwa hatua kwa hatua. Jaji Mkuu Willy Mutunga alipinga. Naelewa ugumu waliokuwa nao wenzake, lakini naona Mutunga ndiye aliyeisoma ibara kama mwananchi aliyeipigia kura.

Watetezi wa shall nao wana ushahidi, na huu ndio unaonivutia zaidi. Katika kanuni ya 56 ya Marekani, inayohusu hukumu bila kusikiliza kesi nzima, shall iligeuzwa kuwa should, yaani "inafaa", mwaka 2007. Mwaka 2010 ikarudishwa shall! Must ilikuwa kali mno, should ilikuwa legevu, na mawakili walikwishazoea maana iliyojengwa na hukumu za miaka mingi.

Tanzania ilijaribu njia nyingine. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria kinatamka kwamba shall ikitumika kumpa mtu jukumu, jukumu hilo ni lazima litekelezwe. Inatosha? Mahakama ya Rufani ilikwishaamua, katika rufaa ya jinai ya mwaka 2006, kwamba shall iliyomo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haifungi moja kwa moja, kwa sababu sheria hiyohiyo ina kifungu, wakati huo cha 388, kinachosamehe kasoro isiyosababisha haki kupotea. Na uamuzi huo una busara: kumwachia mhalifu kwa sababu ya kasoro ya utaratibu isiyomdhuru yeyote si haki.

Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania, na hapo ndipo ninapowahofia wafasiri. Anayegeuza kila shall kuwa "-ta-" anahamisha utata wote na kuuongezea wa kwetu, maana "afisa atatoa taarifa" hata mtoto ataisikia kama habari ya kesho. Katiba ya Tanzania ya 1977 imezitenganisha vizuri kazi hizo za shall. Ibara ya 33 inaunda cheo: "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano." Ibara ya 26 inapotaka kumfunga mtu haisemi "atatii", inasema kila mtu "ana wajibu wa kufuata na kutii". Mfasiri wa sheria anaweza kuanzia hapo.