Maziwa ya nyuki hayazibui mirija

Malkia wa nyuki hutaga mayai hata 2,000 kwa siku, naye hulishwa maziwa ya nyuki (royal jelly), ute mweupe unaotolewa na nyuki vibarua, maisha yake yote. Hoja ya wauzaji, kwamba maziwa hayo humsaidia mwanamke kushika mimba, inaanzia hapo na kuishia hapo hapo. Fungua status za WhatsApp asubuhi yoyote: maziwa ya nyuki, chavua, gundi ya nyuki, vyote "vinasafisha kizazi", "vinabalansi homoni", "vinapevusha mayai". Unalipa kwa simu, bodaboda analeta mzigo.

Tuwatendee nyuki haki. Mabuu wote mzingani, hata watakaokuwa vibarua, hupewa maziwa hayo siku kama tatu za mwanzo. Wa umalkia huendelea nayo, wenzake wanahamishiwa asali na chavua. Ni chakula cha buu anayeumbika. Kibarua aliyekwisha komaa hawi malkia kwa kulishwa hayo, sembuse mwanamke mtu mzima ambaye tumbo lake litazimeng'enya protini zile kama za maharage. Tafiti zipo, nyingi za panya, za wanawake ni chache na ndogo. Mwaka 2011 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliyapima madai kadhaa ya kiafya kuhusu maziwa hayo, ikaona hayajathibitishwa. Na mwenye pumu akae mbali nayo kabisa: yamewahi kuua, ndiyo maana Australia huyalazimisha kubeba onyo. (Asali ya Tabora ni habari nyingine, hiyo naila na mkate bila maswali.)

Kinachonikera hasa ni kwamba kwetu Afrika sababu kubwa ya mwanamke kutoshika mimba ni mirija ya uzazi iliyoziba. Klamidia au kisonono kisichotibiwa, au maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika, huacha makovu ndani. Kovu halina cha kusafishwa. Linaonekana kwa picha ya eksirei inayopigwa baada ya kupitisha dawa kwenye kizazi, na mwanamke anaweza kumeza makopo kumi bila kuambiwa akapige picha hiyo.

Halafu kuna mume. Katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii, upande wake unachangia. Nadhani ndiyo siri ya kopo kupendwa: halimdai baba lolote. Hatoi mbegu zikapimwe, hakai benchi la kliniki, na mawifi wanaendelea kumtazama mke tumbo. Kipimo cha mbegu ni chepesi kuliko vyote, hakichomi sindano wala hakilazi mtu, lakini ndicho kinachokwepwa miaka na miaka.

Dada, madaktari hushauri hivi: ukiwa chini ya miaka 35, mkitafuta mtoto mwaka mzima bila mafanikio, nendeni wote wawili mkapimwe. Ukishavuka 35, subirini miezi sita tu. Dozi mbili za maziwa ya nyuki, za miezi mitatu mitatu, zinaumaliza muda huo wote.