Grzimek: kamera iliyohesabu nyumbu

Kila mjadala wa kuwahamisha wafugaji wa Kimaasai wa Ngorongoro na Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, unapopamba moto, jina la Mjerumani aliyefariki mwaka 1987 halikosi kutajwa. Wahifadhi humtaja Bernhard Grzimek kama mtu aliyeiokoa Serengeti. Watetezi wa wafugaji humtaja kama mzungu aliyewaondoa Wamaasai ili pundamilia wapate nafasi. Naona pande zote mbili zinambebesha nguvu ambazo hakuwa nazo, na zote zinasahau kazi iliyompatia jina duniani, yaani utengenezaji wa filamu.

Kwa kusomea alikuwa daktari wa mifugo. Alizaliwa 1909 huko Silesia, katika mji ambao leo uko Poland, akajiunga na chama cha Nazi mwaka 1937 na kufanya kazi katika wizara ya chakula ya utawala ule. Mwaka 1945 akakabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt ikiwa magofu matupu, akaiongoza hadi 1974. Filamu yake kubwa ya kwanza, iliyopigwa Kongo, ilitoka 1956, na mwaka huohuo akaanza kipindi cha televisheni kilichodumu mpaka alipofariki.

Kipindi hicho ndicho kinachomweleza vizuri. Alikaa mezani kwa suti na tai, pembeni yake duma au nyani aliye hai, akasimulia kwa sauti ya taratibu ya puani, kisha akawaomba watazamaji wachangie wanyama walio hatarini. Walichanga. Safari moja alitangaza hewani ziara za bei nafuu za Afrika Mashariki ambazo hakuna kampuni iliyokuwa ikiziuza. Watu wakaanza kuziulizia, kampuni zikalazimika kuziandaa. Kwa mwandishi wa habari huo ni uongo mtupu, ila kwa mtafuta fedha ni kipaji, na Grzimek alikuwa zaidi huyu wa pili. Ndiyo maana sishangai kwamba watu waliompenda hawakumhoji sana.

Serengeti ilimjia karibu kwa bahati. Alitaka kutumia mapato ya filamu ya Kongo kununua ardhi ya kupanua hifadhi, lakini mkurugenzi wa hifadhi za Tanganyika, Peter Molloy, akamwambia kinachohitajika zaidi ni kujua wanyama ni wangapi na wanahamia wapi. Yeye na mwanawe Michael wakajifunza urubani na kuja na ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Walihesabu wanyama 366,980. Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi na kuanguka, Michael akafa akiwa na miaka 24. Baba akaimaliza filamu, Serengeti darf nicht sterben (yaani, Serengeti haifai kufa), na mwaka 1960 ikashinda Oscar ya filamu bora ya maelezo.

Kama sayansi, kazi ile ilikuwa na mapungufu. Hesabu iliyofanywa 1961 ilipata nyumbu zaidi ya mara mbili ya wale aliowaona. Lakini katika suala la uhamaji alikuwa na hoja nzito: makundi yalikuwa yakivuka mipaka mipya iliyopangwa na serikali ya kikoloni, na mstari uliochorwa ofisini haukuwazuia nyumbu kwenda kwenye majani.

Sasa lawama ya kuwaondoa Wamaasai. Tarehe zinamtetea. Hifadhi ilianzishwa 1951. Waingereza walitoa pendekezo la kuigawa mwaka 1956, wazee wa Kimaasai wakatia saini makubaliano ya kuachia upande wa magharibi mwaka 1958, kabla filamu haijaonyeshwa popote. Lakini anayemtetea kwa tarehe hamtetei kwa nia. Grzimek aliupinga mgawanyo kwa sababu uliitoa Ngorongoro nje ya hifadhi, na aliandika wazi kwamba ndani ya hifadhi asikae binadamu yeyote, hata wenyeji. Angepewa kalamu yeye, Wamaasai wangepoteza zaidi.

Hapo ndipo kazi ya filamu inapopaswa kupimwa. Kamera iliyo angani huonyesha kundi na vumbi lake kwa namna ambayo mtu wa chini hawezi kuiona. Haiwezi kuonyesha nani alichimba kisima, malisho ya kiangazi ni ya ukoo gani, au mzee yupi huamua ng'ombe wahame lini. Mtazamaji wa Frankfurt alibaki na picha ya nyika ambayo mfugaji ni mgeni ndani yake, na picha hiyo imedumu kuliko takwimu zote za ndege ile.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mtu huyu alikuwa daktari wa mifugo. Nyumbu wa Serengeti waliongezeka hadi kufikia milioni 1.3 mwaka 1977, na sababu kubwa ilikuwa kutoweka kwa sotoka, ugonjwa ulioingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuua ng'ombe na nyumbu bila kubagua. Ulitoweka kwa wanyamapori kwa sababu ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walichanjwa. Kama kuna hadithi iliyomfaa daktari wa mifugo mwenye kamera, ni hiyo.

Upande wa pili wa mizani una uzito pia, na ni uzito wa fedha. Nyerere anakumbukwa kwa kusema kwamba yeye binafsi hana shauku ya kutazama mamba, ila anajua wanyama wataiingizia nchi pato kubwa baada ya almasi na mkonge. Hesabu hiyo ilihitaji watu wa Ulaya wanaotaka kuja, na hakuna aliyewashawishi Wajerumani kama Grzimek. Shirika la wanyama la Frankfurt aliloliongoza bado linafanya kazi Serengeti.

Ila anayelitumia jina lake leo kuhalalisha kuhamishwa kwa wakazi wa Ngorongoro kwenda kijiji cha Msomera, mkoani Tanga, asome na hotuba ya Gavana Richard Turnbull mbele ya baraza la Wamaasai mwaka 1959. Aliwaahidi kwamba Ngorongoro, ikitokea mgongano kati ya maslahi ya wanyama na ya watu, ya watu yatatangulia. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya kuondoka Serengeti, na muuzaji bado anaidai.