Bahari Haimezi Tope

Wiki iliyopita, katika mjadala mmoja hapa Dar es Salaam, nilimsikia mtaalamu wa madini akisema kwamba nchi zenye pwani zina bahati, kwa sababu mabaki ya mgodi yanaweza kupelekwa baharini kwa bomba, na bahari, kwa ukubwa wake, itayameza. Waliokuwepo waliitikia kwa vichwa. Nilirudi nyumbani na uchungu ambao haujanitoka.

Hakuna kinachomezwa. Mwamba ukishasagwa ili kutolewa shaba au dhahabu, hubaki unga laini kuliko mchanga wa ufukweni, nao ukifika majini huelea, huyatia maji giza, kisha hutua. Matumbawe hulishwa na vimwani, vimea vidogo sana vilivyomo mwilini mwake, navyo havifanyi kazi bila mwanga. Yakifunikwa, hujisafisha kwa ute mpaka nguvu zinayaishia. Chaza, ambaye hula kwa kuchuja maji, huchuja tope. Mayai ya samaki yaliyotagwa miambani hukosa hewa. Yote haya hutokea hata kama tope halina sumu, na mara nyingi linayo: risasi, arseniki, zebaki.

Huko Portmán, Hispania, mgodi ulimwaga baharini tani zipatazo milioni 57 kati ya mwaka 1957 na 1990, ghuba ikajaa hadi ufuo ukasogea mamia ya mita na bandari ya wavuvi ikabaki nchi kavu. Nchini Brazil, bwawa la Fundão, lililohifadhi topesumu, yaani mabaki ya mgodi, lilipopasuka tarehe 5 Novemba 2015, watu 19 walifariki, na tope likafuata mto Doce kwa zaidi ya kilomita 600 mpaka Atlantiki, ambako mahakama ilipiga marufuku uvuvi mwaka uliofuata. Mgodi ule ulikuwa bara.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mabwawa ya nchi kavu nayo hupasuka. Katika mgodi wa almasi wa Mwadui, hapa Tanzania, tuliona Novemba 2022. Lakini bwawa hukaguliwa na kuzungushiwa uzio. Chini ya bahari nani atakagua? Hata Mkataba wa London wa mwaka 1972 unahusu taka zinazotupwa kutoka melini, si zinazopita katika bomba la kutoka nchi kavu.

Jumapili, wakati wa bamvua, nilikwenda Kunduchi maji yakiwa yamekupwa kabisa. Nilimwamkia mama mmoja aliyekuwa akisaka pweza kwa kijiti, naye akanionyesha tundu lisilozidi upana wa kiganja, mbele yake pamerundikwa maganda ya kaa. Nikamwuliza ingekuwaje tundu lile likijaa tope.

"Pweza anapenda nyumba safi, mwanangu. Ukimzibia mlango atahamia maji makuu, na mimi huko simfuati, sina chombo."

Akaingiza kijiti taratibu, akasubiri.