Kwetu Tuta Hungoja Matanga

Kadi ya posta iliyoletwa nyumbani kwangu hapa Minnesota ilikuwa ndogo, na nadhani majirani zangu wengi waliitupa pamoja na matangazo ya maduka. Ilisema kwamba kaunti inapanga kuimarisha usalama wa barabara inayopita nyuma ya mtaa wetu, ile yenye kibao cha buluu cha pembe tano na namba za manjano, na kwamba wakazi wanakaribishwa katika maktaba jioni waitazame ramani na kutoa maoni yao. Nilikwenda. Juu ya meza ndefu palikuwa pametandazwa picha ya barabara nzima iliyopigwa kutoka angani, na kila aliyeingia alipewa vibandiko vya rangi avibandike mahali anapopaogopa. Bibi mmoja alikibandika chake mbele ya kituo cha basi, akamweleza mhandisi kwamba magari yanayokata kona pale hayamwoni akivuka na kigari chake cha kubebea vitu vya dukani. Mhandisi akaandika. Hakumwuliza kama kuna mtu aliyewahi kugongwa mahali hapo.

Swali hilo ambalo halikuulizwa ndilo limenifanya niandike makala haya, kwa sababu kwetu Kenya ndilo swali la kwanza, na mara nyingi ndilo la pekee.

Minnesota ina kaunti 87, na idara ya uchukuzi ya jimbo ilishirikiana nazo kuandaa mpango wa usalama wa barabara za kila kaunti. Msingi wa kazi hiyo ataufahamu yeyote aliyekulia mashambani. Katika barabara za vijijini ajali mbaya hutawanyika, mwaka huu hapa, mwaka ujao mbali kabisa na hapa, kwa hiyo anayesubiri zirundikane mahali pamoja ili apate ushahidi atasubiri muda mrefu huku watu wakizikwa. Wahandisi wakaacha kuuliza tu ajali zilitokea wapi, wakauliza mahali zilipotokea pana sura gani, kisha wakaitafuta sura hiyo katika barabara nyingine ambako bado hakuna aliyekufa. Kona hupewa nyota kwa kila dalili ya hatari iliyo nayo: ukali wake, hasa zile ambazo nusukipenyo chake ni kati ya futi 500 na 1,200, yaani takriban mita 150 hadi 365, wingi wa magari, njia nyingine inayoingilia papo hapo katikati ya kona, mandhari yanayomdanganya dereva, na ajali mbaya zilizokwisha kutokea. Msomaji aitazame tena orodha hiyo. Maiti ni nyota moja katika tano. Kona yaweza kupanda juu kabisa ya orodha ya kazi bila kumuua mtu hata mmoja.

Makutano ya barabara nayo hupimwa namna hiyo. Miongoni mwa mambo yanayohesabiwa ni umbali ambao dereva amesafiri tangu kibao cha mwisho kilichomtaka asimame, kwa kuwa aliyekwenda zaidi ya maili tano, yaani kilomita nane, bila kusimama popote huwa amekwisha kusahau kwamba kuna kusimama. Nilipoelezwa hilo nilifurahi sana, furaha ya mtu anayeona kazi imefanywa na watu waliofikiri.

Lakini nilipoelezwa kuhusu mandhari yanayodanganya, furaha ilinitoka. Ni pale barabara inapokunja huku safu ya miti, au nguzo za umeme, au njia ya zamani, ikiendelea kwenda moja kwa moja, na dereva wa usiku akafuata kile anachokiona. Nyumbani kwetu Pwani tunayo kona ya namna hiyo hasa. Lami ilipokuja iliacha njia ya zamani ikapinda kushoto kukwepa bonde, lakini minazi iliyopandwa na wazee kandokando ya njia ile bado imesimama mistari miwili iliyonyooka, na usiku taa za gari huimulika minazi kabla ya kuimulika lami. Mbele ya kona hiyo, hatua chache tu, ndipo watoto wa shule ya msingi wanapovukia. Kila mtu kijijini anaijua kona hiyo. Wenye bodaboda huionyana, na akina mama hawawaachi watoto wadogo kuvuka peke yao. Maarifa yote ambayo wahandisi wa huku waliyatafuta kwa hesabu sisi tunayo vichwani, ila hapakuwahi kuwa na meza ya kuyawekea.

Kisha msichana wa darasa la tano akagongwa akafa. Vijana wakachoma magurudumu na kuifunga barabara, polisi wakaja, viongozi wakaja, na kabla ya wiki kwisha tuta likawa limejengwa. Lilijengwa pale alipoangukia mtoto, si kabla ya kona ambako gari lilipaswa kupunguzwa mwendo. Halikupakwa rangi wala kuwekewa kibao, na baada ya muda mwendesha bodaboda na abiria wake wakaliparamia usiku, wakalala hospitalini. Msomaji wa nyumbani hahitaji kuambiwa kaunti ni ipi, kwa sababu anazo barabara za namna hiyo kwao.

Wala si mambo ya vijijini pekee. Watu waliteketea na kusagwa katika sehemu ya Salgaa na Sachang'wan ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret kwa miaka mingi, na ilibidi watu 36 wafe Migaa, kwenye barabara hiyohiyo, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 ndipo ikachukuliwa hatua ya kuitenganisha barabara ili magari yanayoshuka yasikutane uso kwa uso na yanayopanda. Mnamo tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, likawaua watu 52, wengi wao wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, na baada ya hapo ndipo serikali ikaagiza masoko ya kando ya barabara kuu yahamishwe. Je, kulikuwa na mtu aliyepita Londiani kabla ya siku hiyo asiyeona wachuuzi wale na malori yale mahali pamoja? Hatari ilikuwa wazi mchana kweupe. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kuiandika.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba nimekula theluji misimu michache na sasa nimekuwa mwalimu wa walionilea. Sikubali. Mama yangu huivuka barabara ile akienda sokoni, na wapwa zangu huivuka wakienda shule, na simu ikilia hapa usiku wa manane jambo la kwanza ninaloliwaza ni kona ile. Anayeogopa kwa ajili ya watu wake hadharau mtu. Wala siwatukuzi Wamarekani. Mwaka 2023 watu zaidi ya 40,000 walikufa katika barabara za nchi hii, idadi ambayo ni aibu kwa taifa lenye utajiri huu. Hapa Minnesota penyewe vifo vilikuwa 655 mwaka 2003, ulipoanza mpango wa kutaka kuvifikisha sifuri, vikashuka hadi 361 mwaka 2014, kisha vikapanda tena hadi 488 mwaka 2021. Kuna mitaa ambayo mtu akitembea kwa miguu huonekana kama aliyeharibikiwa na gari. Hata mwongozo wao wa taa za kuongozea magari una kipengele ambacho kwa miaka mingi kilihesabu ajali tano ndani ya miezi kumi na miwili kuwa sababu ya kuweka taa, na kwa kipengele hicho hawakuwa mbali sana na sisi. Ndiyo maana naithamini mipango hii ya kaunti: ni wao wenyewe waliotambua kwamba kuhesabu wafu ni njia mbovu ya kupanga barabara.

Tena mkutano ule wa maktaba haukuwa wa malaika. Pendekezo lilikuwa kuibadili barabara ya njia nne iwe ya njia tatu, moja kila upande na ya kati kwa wanaokata kona, pamoja na kisiwa cha kumpumzisha anayevuka. Wakala wa barabara kuu wa serikali ya Marekani unaeleza kwamba badiliko la namna hiyo hupunguza ajali kwa asilimia 19 hadi 47. Bwana mmoja alipinga kwa hasira kwamba atachelewa kazini, mwingine akaulizia mti wake, na kabla ya lami kuguswa huenda miaka kadhaa ikapita. Uvivu huo wa makaratasi hunikera. Kwetu greda laweza kuamka asubuhi moja na kufika jioni, hasa uchaguzi ukikaribia.

Atatokea wa pili aseme kwamba wenzetu wana fedha. Ni kweli wanazo: sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa miaka mitano kwa ajili ya usalama wa barabara za kaunti, miji na jamii za wenyeji asilia. Lakini fedha za ujenzi katika mfuko huo hazitolewi kwa asiye na mpango, na hilo ndilo la kujifunza. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya yaliyopendekezwa katika mipango ile ya kaunti ni vitu vya bei ndogo vinavyowekwa mahali pengi: vibao vya mishale vinavyong'aa kwenye kona, mstari mweupe mpana ukingoni mwa lami, mifereji midogo iliyochongwa kwenye lami ili gurudumu likiikanyaga imshtue dereva anayesinzia. Kwetu kila anayenunua mafuta hutozwa shilingi 25 kwa lita kwa ajili ya ukarabati wa barabara, kutoka 18 kabla ya Julai 2024, na mwendesha bodaboda maskini huilipa sawa na mwenye gari la kifahari. Fedha hizo zimezua mvutano wa muda mrefu kati ya serikali za kaunti na ya kitaifa kuhusu nani azitumie, na kabla ya hapo kuna mvutano wa barabara ipi ni ya nani. Mwananchi akipeleka malalamiko kwa hawa anaambiwa barabara ni ya wale, akienda kwa wale anarudishwa kwa hawa. Kibao cha mishale hakiwekwi, na sababu si bei yake.

Wa tatu atasema tatizo ni madereva. Simbishii kabisa. Kanuni za Michuki za mwaka 2004, zilizopewa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilitufundisha kwamba mikanda na vidhibiti mwendo vikisimamiwa kwa dhati matatu hubadilika, na kwamba usimamizi ukilegea mambo hurudi yalikokuwa. Lakini hata huku kuna walevi, wanaotazama simu na wanaosinzia. Barabara inapaswa kupangwa kwa kutambua kwamba hao wapo, ili kosa la dereva lisimuue mtoto anayekwenda shule. Sisi kila mara tunaandika kwamba dereva alishindwa kulidhibiti gari, kisha tunafunga jalada, na kona inabaki vilevile ikimsubiri dereva mwingine. Takwimu za NTSA, mamlaka ya taifa ya uchukuzi na usalama barabarani, zinaonyesha vifo 4,324 mwaka 2023 na 4,748 mwaka 2024, na kundi kubwa zaidi ni la wanaotembea kwa miguu, ambao hawakuwa wakiendesha chochote.

Jalada hilo lenyewe ni jambo zito. Hapa taarifa ya polisi kuhusu ajali huwekwa mahali pake halisi kwenye ramani, pamoja na hali ya mwanga na ya lami, kisha huingia katika kumbukumbu za jimbo ambazo mhandisi wa kaunti huzifungua. Kwetu kuna fomu ya polisi ya ajali, P41, na kuna abstrakti, yaani hati ya polisi inayothibitisha kwamba ajali imeripotiwa, ambayo wengi huijua kwa sababu ya bima tu. Mahali pa ajali huweza kuandikwa kuwa karibu na duka la fulani, na duka likifungwa, na fulani akihama, ajali hiyo haina kwao tena.

Hata hivyo kuna mahali ambapo naona fahari ya kweli kuwa Mkenya. Katiba ya 2010 iliuweka ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika kifungu cha 10, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mlango upo, na umeandikwa katika sheria. Lakini katika mikutano ya wadi barabara hutajwa kwa swali la lami au murram tu, greda litapita lini, mkandarasi amelipwa au la. Sijasikia ikitajwa kama kitu kinachoweza kumuua mtu mwaka ujao mahali panapojulikana leo.

Basi naomba wenzangu wa nyumbani wafanye jambo ambalo halihitaji ndege wala dola. Kabla ya mkutano wa mwaka huu wa wadi, mwalimu mmoja, mwenye bodaboda mmoja na mama mmoja anayeuza mahamri kando ya barabara waipite barabara yao kwa miguu, mchana na tena usiku, waandike kila kona inayodanganya, kila kivuko kisicho na mstari, kila tuta lisilopakwa rangi, pamoja na picha ya simu yenye alama ya mahali. Karatasi hiyo isomwe mkutanoni na iingizwe katika kumbukumbu kwa jina la barabara. Mwakilishi wadi akisema barabara si ya kaunti, aombwe aandike ni ya nani. Mhandisi akisema hakuna fedha, atakiwe kutaja bei ya vibao vya mishale vya kona moja, na bei hiyo iandikwe palepale, mbele ya waliohudhuria, ili iingie katika mpango wa mwaka kabla ya Septemba.